Njano mpauko kwa kuta za ndani: ununue rangi ipi?

Sebule yenye madirisha madogo hupendeza ikipakwa njano mpauko kuliko nyeupe; mwanga unabaki, ubaridi unaondoka. Dukani utaikuta kwa majina mengi: krimu, siagi, vanila. Kabla ya jina, amua aina ya rangi.

1. Rangi ya maji ya silki, yaani yenye mng'ao kiasi. Hii ndiyo chaguo langu kwa sebule, korido na chumba cha watoto. Njano mpauko huonyesha kila alama ya kidole, na silki unaifuta kwa kitambaa na maji ya sabuni bila kubakiza baka. Bei yake iko juu ya ile isiyong'aa, na mng'ao wake huanika mabonde ya plasta, kwa hiyo fundi apige skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) na msasa kwanza.

2. Rangi ya maji isiyong'aa. Nafuu, na huficha kasoro za ukuta. Inafaa dari na chumba cha kulala cha watu wazima. Ukiisugua, inaacha doa.

3. Rangi ya mafuta. Jikoni na nusu ukuta ya chini tu. Harufu yake hukaa, na njano yake huzidi kukolea mwaka hadi mwaka, hasa pasipofikiwa na jua. Nunua kopo lililoandikwa kuwa halina risasi. Zamani njano kali nyingi zilitengenezwa kwa madini hayo, na ni sumu kwa watoto.

4. Chokaa yenye unga wa oksaidi ya njano. Kwa nyumba ya tofali za saruji, iache: inachafua nguo za anayeegemea. Lakini kwa nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe au Lamu, mimi naiweka ya kwanza kabisa. Kuta zile hupumua. Ukizipaka rangi ya plastiki, kama hizo za maji za namba 1 na 2, unafungia unyevu ndani, kisha chumvi inasukuma rangi ibanduke magamba.

Kuhusu ukolezo wa njano, chukua hatua moja iliyo hafifu kuliko uliyoipenda kwenye kadi ya rangi ya dukani. Kuta nne za njano hurushiana rangi na kuikoleza. Paka kipande cha mita moja kwenye kuta mbili, ukitazame asubuhi na usiku taa ikiwaka. Taa nyeupe ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa kwenye boksi la taa) huivuta njano ya limau kwenye ukijani. Ya 3000 huipa joto.

Chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.8, kina takriban mita za mraba 36 za kuta ukitoa mlango na madirisha. Lita moja hupaka kama mita za mraba 10, na mikono miwili (kupaka mara mbili) itakula lita 7 na kitu: galoni mbili za lita 4 zinatosha. Plasta mpya ikauke siku 28 kwanza. Galoni zote ziwe na namba moja ya bechi, yaani zimetengenezwa kwa mkupuo mmoja, na fundi azichanganye kwenye ndoo moja kabla ya kuchovya rola.