Alamu ya moshi nyumbani Tabora: imelia kwa udi, chapati na kumbikumbi, na siitoi

Nianze na bei maana najua ndiyo mtakayouliza: Sh38,000 Kariakoo, Dar es Salaam, na juu yake nauli ya kifurushi cha basi mpaka Tabora. Ni alamu ya moshi ya kawaida, nyeupe, duara, inakula betri moja ya mraba ya volti 9. Haitaki umeme wa TANESCO, haitaki bando, haitaki simu. Hapa mjini nilizunguka maduka ya vifaa vya umeme nikaonyeshwa kamera, kengele za getini na ving'ora vya wezi. Ya moshi, walidhani najenga hoteli.

Niliyochukua ni ile inayotumia mwanga. Ndani yake kuna kijichumba cheusi chenye taa ndogo na kihisio, vimewekwa visitazamane. Moshi ukiingia unautawanya mwanga, kihisio kinaupata, king'ora kinalia. Kuna aina nyingine yenye chembe ndogo ya americium-241, elementi yenye mionzi. Hiyo ni nyepesi kwa moto wa kulipuka na miali, lakini kwa moto unaofukuta taratibu, wa godoro, sofa au waya, hii ya mwanga ndiyo huwahi. Na kwa jinsi tunavyoishi mimi naogopa zaidi huo wa kufukuta. Ekstensheni moja imebeba TV, friji, chaja za simu za nyumba nzima na wakati mwingine pasi. Umeme unakatika saa nne usiku, watu wanalala bila kuzima kitu, unarudi saa tisa.

Kufunga hakuna shida. Skrubu mbili kwenye dari, unakizungusha kinakaa. Sisi tuna dari ya jipsamu, tumeweka katikati ya koridoo ya vyumba vya kulala, mbali na kona kwa zaidi ya sentimita 30, kwa sababu kwenye kona hewa hutuama na moshi huchelewa kufika. Kama nyumba yako ni bati tupu usikigandishe juu kabisa. Bati la Tabora mwezi wa kumi saa nane mchana linapika, na karatasi ya maelekezo inasema kifaa kisikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 38. Kipigilie kwenye boriti, chini kidogo ya bati.

Sasa kelele. Mama mkwe anaishi na sisi, na Ijumaa bila udi kwake si Ijumaa. Chetezo kilipopita koridoni mara ya kwanza, nyumba nzima ilitoka mbio.

"Mama Zuhura, hili dude lako lina ugomvi na mimi."

"Hapana mama, halijui mtu. Linanusa moshi tu."

"Moshi wa udi nao ni wa kuunguza nyumba?"

Sikuwa na jibu, na kusema kweli bado sina, maana kifaa hakitofautishi. Tulichofanya ni kukisogeza upande wa pili wa koridoo, na yeye siku hizi anafukiza chumbani kwake dirisha likiwa wazi. Wamepatana. Chapati ni vilevile: mafuta yakianza kutoa moshi na mlango wa jikoni uko wazi, inalia. Weka angalau mita 3 kutoka jikoni. Kwa jikoni penyewe zipo alamu za joto, ambazo hazijali moshi, hulia hewa ikifika karibu nyuzi 58. Hiyo sijanunua bado.

Kitu ambacho muuzaji wa Dar hakunieleza ni wadudu. Mvua za kwanza za Novemba, kumbikumbi wametoka, wamefuata taa ya koridoni, mmoja akajipenyeza kwenye zile tundu za pembeni. King'ora hakikunyamaza mpaka nilipokitoa nikakipuliza. Mdudu akikaa mbele ya ule mwanga kwake ni sawa na moshi, na vumbi letu la kiangazi ni hivyo hivyo. Brashi laini ya kupakia rangi inatosha, pitisha kwenye tundu, usitie maji. Ukishaona hivyo taa ya koridoni usiku wa kumbikumbi inazimwa, basi.

Betri ikikaribia kuisha kinalia "pi" kimoja, kinanyamaza karibu dakika nzima, "pi" tena. Kawaida kinaanza alfajiri, kwa sababu baridi hushusha nguvu ya betri, na alfajiri za Juni na Julai hapa si za mchezo. Baba Zuhura alikitoa betri akarudi kulala. Nimesikia na kwa wengine ni hivyo hivyo, alamu inaning'inia darini tupu, mgeni anaiona anasema hawa wamejipanga. Nunua betri ya akiba siku hiyohiyo unayonunua kifaa. Zipo za betri ya kudumu miaka 10, zimefungwa haifunguki. Ni ghali zaidi, lakini kwa nyumba yenye mtu kama mume wangu ningechukua hiyo.

Je, inaamsha? Nilibonyeza kitufe cha majaribio usiku wa manane bila kumwambia mtu, na naomba kila mwenye nacho afanye hivyo hata kama atanuniwa. Sauti ni desibeli 85 ukiwa mita 3, inachoma masikio. Mume wangu aliruka. Mama mkwe hakusikia kitu mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu mlio wenyewe ni mwembamba sana na masikio ya wazee hupoteza sauti nyembamba kwanza. Zuhura, miaka tisa, alijigeuza akaendelea kulala. Nilifikiri ni uvivu wake. Kumbe hata Uingereza walishapima wakakuta watoto wengi hawaamki kwa mlio wa aina hii. Kwa hiyo kwetu king'ora ni cha kuwaamsha wawili, na wawili wanakwenda kuwabeba wengine. Tumegawana: mimi Zuhura, mume wangu mama yake.

Halafu ikaja sehemu iliyonitoa usingizi kuliko kifaa chenyewe. Tulipokuwa tumesimama pale koridoni nikasema haya, tutoke kama ni kweli. Mlango wa mbele una kitasa, nje yake geti la nondo, na geti lina kufuli. Ufunguo uko kwenye suruali, suruali iko kwenye kamba nyuma ya mlango wa chumba, umeme hakuna. Wa nyuma una komeo na kufuli lingine. Madirisha yote nondo, zimechomelewa. Tumejenga nyumba mwizi asiingie, na hakuna mtu aliyemuuliza fundi sisi tutatokea wapi. Moshi hauhitaji kukuunguza, pumzi chache zinalegeza mtu akashindwa hata kushika ufunguo.

Siku zilizofuata pesa iliyokwenda kwa fundi wa kuchomelea ilizidi bei ya alamu. Dirisha la chumba cha mama mkwe sasa lina nondo zenye bawaba, zinafunguka kwa ndani kwa komeo lisilo na ufunguo. Ufunguo wa geti una msumari wake kando ya mlango, mbali na dirisha asije mtu akauvuta kwa kijiti, na ni marufuku kutembea nao. Kama unahesabu gharama ya alamu, ihesabu na hii, la sivyo umenunua kitu cha kukuamsha uone unavyokufa.

Msije mkadhani inalinda kila kitu. Gesi ya mtungi haiisikii. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, na kuvuja unakupima kwa povu la sabuni kwenye maungio. Wala haisikii sumu ya jiko la mkaa. Wale mnaoingiza jiko chumbani kujipasha joto usiku mkafunga madirisha, mkaa ukishashika vizuri hauna moshi wa kuiamsha alamu, ila una kaboni monoksaidi, na hiyo haina harufu. Ina kifaa chake tofauti.

Namba ya zimamoto ni 114. Huku kwetu Ng'ambo mitaa haina vibao, kwa hiyo anayepiga aseme msikiti au shule iliyo jirani, na mtu mmoja akasimame barabara kubwa kulipokea gari.

Kwa anayetaka kuagiza: mwambie muuzaji akutumie picha ya nyuma ya kifaa kabla hujalipa. Tafuta maandishi EN 14604, ambacho ni kiwango cha Ulaya cha alamu za moshi, na tarehe ya kutengenezwa au ya kubadilisha, maana baada ya miaka 10 kihisio kimechoka hata kama kitufe bado kinalia. Ya kwanza niliyotumiwa haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo, nikairudisha kwa basi lilelile, na muuzaji alinibadilishia bila maneno ila nauli ya kurudisha nimelipa mimi.