TAHADHARI: Muuza simu anayekuambia "futa pingamizi kwanza, jioni nakurudishia"

Mnamjua, yule wa simu "mpya, bado ina nailoni" kwenye magrupu yetu ya huku Marekani. Watu wanalizwa halafu wanaona aibu kusema. Aibu ya nini? Mwizi ni yeye!

Simu haiji, unayapinga benki makato ya kadi yako ya mkopo, wanayaweka pembeni wachunguze. Hapo ndipo anapoibuka WhatsApp: "Shikamoo dada, pole sana, kosa ni la posta. Ila benki imezuia hela yangu, nashindwa kukurudishia. Waambie umefuta, jioni nakutumia hela kwa Zelle." Chini anabandika namba ya kifurushi. Ukiifungua: kimefika, mji wako, zip kodi yako. Nani asingeamini? Mtu kakuamkia, lafudhi ya nyumbani, na posta yenyewe inamtetea.

Basi unafuta. Makato yanarudi kwenye bili, na jioni haifiki: mara mtandao, mara msiba. Anachokula ni siku zako. Sheria ya mwaka 1974 ya bili za kadi za mkopo inataka barua yako ya kupinga imfikie mtoa kadi ndani ya siku 60 tangu ilipotumwa bili ya kwanza yenye makato hayo. Zikipita, haki hiyo imekwenda. Angetaka kurudisha angelikubali tu pingamizi, hela ingerudi kwenye kadi yenyewe.

Namba ya posta ni ya kweli, ila bahasha ilikwenda mlango mwingine mjini kwako. Ukurasa wa kufuatilia hauonyeshi nyumba. Nenda posta, waulize kama anwani ilikuwa yako.

Aliyebakiwa na siku, asitegemee kupiga simu tu. Andika barua kwa mtoa kadi, kwenye anwani ya maulizo ya bili, siyo ile ya malipo, na uitume kwa njia yenye stakabadhi ya kupokelewa. Weka jina, namba ya akaunti, kiasi, tarehe, kosa lenyewe, na nakala za meseji. Wana siku 30 za kukiri wameipata, na wamalize ndani ya mizunguko miwili ya bili, isizidi siku 90. Kiasi unachobishania unaweza kutolipa kwa sasa. Kingine chote lipa. Mwenye malipo ya otomatiki aangalie, yanaweza kuzoa vyote.

Kwenye daftari andika jina la muuzaji kama linavyosomeka kwenye bili (mara nyingi silo la duka), namba ya kesi, uliyeongea naye, na siku ya 60 uizungushie wino mwekundu.

Dalili? Bei nusu ya dukani, anafuta meseji zake, hataki kurudisha kwenye kadi iliyolipa. Hiyo ya mwisho inatosha kumkimbia.

Mshtakini ReportFraud.ftc.gov (tovuti ya serikali ya kuripoti utapeli) na kwa wapelelezi wa posta. Kutapeli kwa kupitia posta ni kosa la shirikisho, watu wanafungwa. Naye afungwe! Maadmini, mnangoja nini? Mtoeni leo.