Power Automate Ofisini: Tiki ya Kijani Isikudanganye

Karibuni. Leo tunaichambua Power Automate ya Microsoft, programu ya kuzifanya kazi za ofisini zijiendeshe zenyewe, ile iliyoanza mwaka 2016 kwa jina la Flow, ikabadilishwa jina mwaka 2019. Kama ofisi yenu inalipia Microsoft 365, huenda mnayo tayari na hakuna aliyewahi kuifungua. Ingia make.powerautomate.com kwa akaunti ya kazini uone.

Tunaipima kwa kazi ambayo kila mhasibu anaijua: ankara za wauzaji zinazoingia kwa barua pepe. Mtu anafungua barua, anapakua PDF, anaiweka kwenye folda, anaandika mstari kwenye Excel, kisha anamsubiri bosi aidhinishe. Hapa unaunganisha vipande tu, hakuna programu ya kuandika, na kwa mtu anayeijua Excel vizuri asubuhi moja inatosha. Kujenga si tatizo. Tatizo ni kwamba mtiririko, yaani huo mlolongo wa hatua ulioujenga, unaweza kufanya nusu ya kazi na bado ukakuwekea tiki ya kijani, kana kwamba yote yamefanikiwa.

Haya, tuanze na kichochezi, yaani tukio linaloanzisha mtiririko. Chagua kile cha Outlook cha barua pepe mpya, "When a new email arrives". Kama ankara zinaingia kwenye sanduku la pamoja la idara, kuna kichochezi chake cha pekee, kwa hiyo usichukue cha kawaida halafu ukashangaa kimya. Kwenye mipangilio ya ziada washa vitu viwili: barua zenye viambatisho pekee, na viambatisho vyenyewe vije. Hicho cha pili kikibaki hapana, utaipata barua bila faili yake.

Sasa ongeza hatua ya kuhifadhi faili kwenye OneDrive au SharePoint, hifadhi za mtandaoni za Microsoft. Ukichagua kiambatisho, programu yenyewe inaizungushia hatua hiyo kitanzi, yaani inairudia kwa kila faili, kwa sababu barua moja inaweza kubeba faili kadhaa. Iache ifanye hivyo. Ila ndani ya kitanzi weka sharti: jina la faili liishie na .pdf. Bila sharti hilo, nembo ya kampuni iliyo kwenye saini ya mtumaji nayo inahesabiwa kuwa kiambatisho, na folda yako ya ankara inajaa image001.png.

Jina la faili nalo liangalie. Wauzaji wengi hutuma kitu kinachoitwa invoice.pdf, basi. Tanguliza tarehe na saa kwa fomula hii, inakili ilivyo:

convertTimeZone(utcNow(),'UTC','E. Africa Standard Time','yyyyMMdd-HHmmssfff')

MM kubwa ni mwezi, mm ndogo ni dakika. Ukizichanganya hakuna kosa litakaloonyeshwa, utapata tu mwezi wa 47. Na usiruke hilo eneo la saa. Power Automate inahesabu kwa UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko saa tatu nyuma yetu sisi wa Afrika Mashariki. Ankara iliyoingia saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, yenyewe itaiandika 30 Juni, saa nne usiku. Kwa ofisi ya serikali hapo umeihamisha ankara mwaka wa fedha mzima. Ratiba ni hivyo hivyo: ukiagiza ripoti itoke 8:00, yaani saa mbili asubuhi, bila kuchagua eneo la Nairobi, itatoka saa tano asubuhi.

Tuje kwenye Excel, ambako mtiririko unaandika mstari kwa kila ankara, na hapa ndipo penye mtego mkubwa. Kwanza, data lazima iwe ndani ya jedwali: chagua eneo, bonyeza Ctrl na T. Safu zilizopigwa rangi zikapendeza si jedwali. Pili, tuseme kila Ijumaa mtiririko usome ankara zisizolipwa umtumie mhasibu orodha. Hatua ya kusoma, "List rows present in a table", kwa kawaida yake inarudisha mistari 256 tu. Ankara ya 257 haisomwi, onyo halitoki, na tiki ni ya kijani. Mhasibu anaamini orodha imekamilika. Fungua mipangilio ya hatua hiyo, washa "Pagination", andika 5000, ambayo ndiyo kikomo kwa leseni ya kawaida.

Excel pia hupenda kufungwa. Kiunganishi, yaani kipande kinachouunganisha mtiririko na Excel, kinaweza kulishikilia faili hadi dakika sita baada ya kulitumia, na mtu akiwa anahariri wakati mtiririko unaandika, mnagongana. Kama zaidi ya watu wawili wanaligusa, hamieni Microsoft Lists, programu ya Microsoft ya kutunza orodha. Nayo ina mtego wa aina ileile, maana husoma 100 za kwanza usipoongeza idadi mwenyewe, lakini haigombani na watumiaji.

Idhini ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Bosi anapata ombi kwenye Teams au kwenye barua, anabonyeza kukubali au kukataa na kuandika maoni, na jina lake na saa vinabaki kwenye kumbukumbu. Ila mtiririko haukai hai zaidi ya siku 30. Bosi akiwa likizo ndefu, ombi linakufa. Weka na naibu, na uchague jibu la wa kwanza litoshe.

Bei: viunganishi vya kawaida vimo ndani ya Microsoft 365. Ukitaka kuongea na hifadhidata ya SQL Server au kutuma maombi ya HTTP kwenye mfumo mwingine, hapo ni leseni ya Premium, dola 15 kwa mtumiaji kwa mwezi kwenye orodha ya Microsoft. Kwa ankara tu, usiilipie. Fahamu lakini kwamba bila Premium, mtiririko usiofanya kazi siku 90 huzimwa, kwa hiyo kazi ya mara moja kwa mwaka usiuachie. Na ongeza mmiliki wa pili leo hii, kwa sababu aliyeujenga akiacha kazi, akaunti yake ikifungwa viunganishi vyake vinakatika.

Ofisi iliyo kwenye Gmail na Google Sheets isihame kwa ajili ya hii. Apps Script ya Google itawatosha, ingawa hapo mtaandika msimbo kidogo.

Kabla hujaukabidhi kwa mhasibu, ujaribu hivi. Jitumie barua tatu zenye nembo kwenye saini: mbili za kwanza kila moja na faili liitwalo invoice.pdf, ya tatu na PDF mbili tofauti. Folda inapaswa kuwa na faili nne na Excel mistari minne. Zikizidi nne, nembo imepenya kwenye sharti. Zikiwa tatu, jina limefutana, rudi kwenye fomula.