Vitz NCP10 ya 1.3: uzoefu wangu wa kuihudumia na kuiboresha nyumbani

Kabla ya kununua hata plagi moja ya Toyota Vitz ya toleo la kwanza, ile iliyotoka kati ya 1999 na mwanzoni mwa 2005, fungua boneti usome kibati cha gari. SCP10 ni ile ya cc 997 yenye injini ya 1SZ-FE. NCP10 ni ya cc 1298 yenye 2NZ-FE. Kwa macho ni gari moja, lakini injini ni za familia mbili tofauti, na muuzaji wa Kariakoo ukimwambia tu "Vitz old model" anaweza kukupa koili au sensa isiyoingia kabisa. Ninayoizungumzia hapa ni NCP10, ambayo naihudumia mwenyewe nyumbani Dar es Salaam. Naiona ndiyo gari dogo bora zaidi kwa mtu anayetaka kujifunza kushika spana, kwa sababu 2NZ ndiyo iliyomo pia kwenye Probox, Ist, Platz na Funcargo nyingi za 1.3. Spea zake mpya na za mtumba zipo kila mji, na kazi nyingi zinamalizwa na soketi namba 10, 12 na 14.

Ina udhaifu mmoja ambao kila mmiliki anapaswa kuujua: haina geji ya joto. Kuna taa ya bluu inayowaka injini ikiwa ya baridi, na nyekundu inayowaka ikishachemka. Katikati ya hizo mbili huoni chochote. Mbaya zaidi, maji yakivuja yakaisha, sensa hubaki hewani na taa nyekundu inaweza kuchelewa au isiwake kabisa. Bloku ni ya alumini, silinda hedi nayo ni alumini, na hedi ikipinda gasketi inaungua. Nyingi ninazoziona zimekufa injini zimekufa kwa maji, wala si kwa umri.

Kwa hiyo taa ya bluu ichukulie kama kipimo. Asubuhi ya joto la Dar inatakiwa izime baada ya mwendo mfupi. Ikikaa muda mrefu barabarani bila kuzima, au ikizima kisha ikarudi gari likiwa kwenye mteremko, karibu hakika thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imetolewa. Tabia ya kuitoa "ili gari lisichemke" imeenea sana, na inaumiza. Kompyuta inapoona injini haijafika joto lake inaendelea kuongeza petroli, plagi zinakuwa nyeusi, unyevu na petroli vinabaki kwenye oili badala ya kuvukizwa. Gari linalochemka kwenye foleni lina rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, mfuniko uliochoka au wota pampu inayovuja. Tafuta kati ya hivyo.

Thamostati ya 2NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ijaribu kabla ya kuifunga: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha taratibu, uangalie inaanza wapi. Ikifika 95 inatakiwa iwe imefunguka vizuri. Imekaa upande wa maji yanayoingia kwenye injini, nyuma ya kifuniko kinachoshikwa na nati mbili za namba 10. Weka raba mpya, na kile kivalvu kidogo kinachocheza kielekee juu, kwa sababu hapo ndipo hewa inapotokea. Nati zenyewe ni za mkazo wa Nm 9 tu, ukivuta kwa nguvu utakata stadi, yaani msumari wenye nyuzi ambao nati inaingia.

Ukishafungua mfumo, toa maji yote. Suuza kwa maji safi mpaka yatoke bila rangi ya kutu, kisha weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa. Mfumo mzima unabeba takriban lita 5. Jaza polepole, hita ikiwa kwenye joto la mwisho ili maji yapite na huko, washa injini mfuniko ukiwa wazi, ishikilie kwenye mizunguko 2000 kwa dakika mpaka hosi ya juu ishike moto na mapovu yakatike. Funga, jaza chupa ya akiba hadi alama ya FULL, halafu kagua tena kesho yake injini ikiwa baridi. Mfuniko wa rejeta usiupuuze. Unashikilia shinikizo la karibu 108 kPa, na shinikizo hilo ndilo linalofanya maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Mfuniko wenye raba iliyopasuka unayafanya yachemke mapema na kumwagika kwenye chupa. Tazama pia juu ya rejeta: tangi lake ni la plastiki, na likigeuka kahawia yenye ufa mdogo kwenye mshono, badilisha rejeta kabla ya safari ndefu.

Hapo ndipo yanakuja marekebisho ninayoyapendekeza kuliko yote, yaani kufunga geji ya joto. Unakata hosi ya juu, unaingiza kiungio cha chuma chenye tundu la sensa, unabana kwa klipu pande zote. Pima kipenyo cha ndani cha hosi kabla ya kununua kiungio. Wengi hufunga na kukuta geji haisomi, na sababu ni hii: sensa ya waya mmoja hupata hasi kupitia mwili wake, na hapo imezungukwa na mpira mtupu. Funga waya kutoka kwenye kiungio hadi kwenye chuma cha bodi ya gari. Injini isiyo na tatizo hukaa kati ya nyuzi 85 na 95. Kama geji ina kengele, iweke 105.

Oili na filta huingia lita 3.7. Natumia 5W-30, na kwa joto la pwani 10W-30 nayo inafaa. Siungi mkono oili nzito ya 20W-50 kwenye injini hii hata kama inapunguza mlio, kwa sababu VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, inaendeshwa na shinikizo la oili kupitia valvu yenye njia nyembamba na kichujio kidogo cha waya. Oili nzito au iliyokaa hadi kuwa lami huziba njia hizo, na taimingi cheni nayo hutegemea oili hiyohiyo kwenye tenshena yake. Mlio wa cheni wa sekunde chache asubuhi ni onyo. Nati ya kumwagia ni ya namba 14, kaza Nm 38, na washa yake ibadilishe kila mara. Filta ni ile fupi yenye namba 90915-YZZE1. Ipake oili kwenye raba na ukaze kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya kugusa.

Kama inakula oili bila kuvuja, anza na valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue, iliyo juu ya kava la hedi. Itikise, inatakiwa igonge ndani. Ikiwa kimya imeganda, na mpya ni bei ndogo. Ukikuta PCV nzima na moshi wa bluu unaendelea, ni ringi.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kuhusu Vitz hizi ni sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta: inapanda na kushuka, au gari linazima ukiwasha AC kwenye taa za barabarani. Mara nyingi ni uchafu. Chini ya throto, yaani lango la hewa ya injini, kuna valvu ya sailensa ambayo masizi huifanya ikwame. Toa bomba la hewa, toa throto, ziba hosi mbili ndogo za maji zilizounganishwa nayo, kisha pulizia dawa ya kusafishia throto na ufute kwa brashi laini. Usitumie bisibisi kukwangua, na usiguse skrubu ya kusimamishia kipepeo, kwani imepangwa kiwandani. Gasketi iwe mpya, maana hewa inayopenya kwa wizi hapo inarudisha tatizo lilelile. Sensa ya hewa iliyo baada ya filta ya hewa inatoka kwa skrubu mbili. Ipulizie dawa yake maalumu, iache ikauke yenyewe, wala usiiguse kwa kitambaa, kwa sababu ule uzi wa ndani ni mwembamba mno. Ukimaliza, liache gari kwenye sailensa kama dakika 10 kompyuta ijipange upya, kisha washa AC uone.

Ikimisi, yaani silinda moja ikikosa kuwaka vizuri, kuna koili nne, moja juu ya kila plagi, kila moja ikishikwa na boliti ya namba 10. Hamisha koili ya silinda inayomisi uiweke kwenye silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, umempata mhalifu bila kununua kitu. Lisipohama, tazama plagi, na kama shimo la plagi lina oili, gasketi ya kava la hedi imechoka. Plagi ni za soketi ya 16, uwazi wa mm 1.1, mkazo wa Nm 18, na zifunguliwe injini ikiwa imepoa, la sivyo utang'oa nyuzi za alumini.

Mashine ndogo za bei rahisi za kusoma kodi za hitilafu za injini kwa simu mara nyingi hazielewani na Vitz za mwanzo zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Kuna njia ya zamani inayofanya kazi. Kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu mimeto ya taa ya injini. Hesabu matundu mara mbili, kwa sababu la 16 ni chanya ya betri moja kwa moja.

Gia boksi ya automatiki ni ya gia nne. Aina ya mafuta imeandikwa kwenye kijiti chake cha kupimia, fuata hayo maandishi na si ushauri wa jirani. Ukifungua nati ya chini hutoka kama lita 2.5 hadi 3, mengine yanabaki ndani. Pima yaliyotoka, rudisha kiasi hichohicho, tembea kidogo, rudia baada ya wiki chache. Kipimo husomwa gari likiwa la moto, injini inawaka, baada ya kupitisha mkono wa gia kutoka P hadi L na kurudi P.

Breki hazina ugumu. Dramu ya nyuma ikigoma kutoka, ina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza boliti za M8 uzikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe bila nyundo.

Sasa kuinua gari. Naelewa kwa nini watu wanafanya, barabara zetu za mitaani zina matuta na mashimo yanayokwangua ekzosi. Lakini spesa za mm 50 juu ya shokapu za mbele zinabadilisha pembe ya draivushafti, mipira ya CV, inayofunika viungio vya shafti hiyo, inapasuka mapema, grisi inatoka, na muda si mrefu unasikia kata-kata ukikunja kona. Gurudumu likining'inia, hosi ya breki inavutwa. Tairi nazo huliwa upande mmoja kama hujafanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Ukilazimika, usipite mm 20, na alaimenti ifanyike siku hiyohiyo.

Mimi naona tairi ni njia ya haki zaidi. Tairi ya 155/80R13 ina kipenyo cha mm 578. Ya 175/70R14 ina mm 601. Unapata karibu mm 11 za kimo bila kugusa springi, na ukingo mnene unaovumilia mashimo. Gharama yake ni spidi mita kusoma pungufu kwa takriban asilimia 4: ikionyesha 80 uko kwenye 83. Geuza usukani hadi mwisho pande zote, gari likiwa limejaa watu, uhakikishe haigusi.

Rimu ni za matundu manne, PCD (kipenyo cha duara la matundu hayo) mm 100, na tundu la kati mm 54.1. Za Honda nyingi zina 56.1, kwa hiyo zinaingia lakini zinahitaji ringi ya katikati, vinginevyo usukani unatetemeka kwenye mwendo. Nati za Toyota ni M12 kwa 1.5, za Nissan ni M12 kwa 1.25. Hizo za Nissan zinaanza kuingia kisha zinakata nyuzi za stadi, kwa hiyo usizichanganye hata moja. Mkazo ni Nm 103.

Taa za mbele ni H4 za wati 60/55, na kwa kuwa Japani wanaendesha kushoto kama sisi, mwanga unaelekea panapotakiwa. Balbu za wati 100 zinayeyusha soketi. Ukitaka mwanga zaidi, weka relei mbili na waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi ya ampea 15 kwa kila relei. Ila pima kwanza kwa testa, maana Toyota nyingi za Kijapani hukata taa upande wa hasi, na waya za relei za kununua tayari hutegemea chanya. Redio yake ya asili inaishia FM 90, kwa hiyo ibadilishe. Mita ya kidijitali ya katikati ikififia au kuzima kisha kurudi ukiigonga, mara nyingi ni lehemu zilizopasuka kwenye bodi yake, na mtu mwenye mkono mzuri wa kulehemu redio anazirudishia.

Injini ikifika mwisho, usikubali kuambiwa silinda zitachongwa ziongezwe upana. Silinda za 2NZ zina laina nyembamba za chuma ndani ya alumini, na pistoni za saizi iliyoongezwa si za kiwandani. Nunua ya mtumba kutoka Japani, uifungulie kifuniko cha oili na kutazama kama ndani ni safi, kisha hamishia intake (bomba la kugawa hewa kwa silinda), throto na sensa zako mwenyewe, kwa sababu 2NZ ya Ist au Probox inaweza kuja na throto ya umeme isiyoelewana na waya za Vitz. Kuna wanaopandisha hadi 1NZ ya 1.5, ambayo bloku ni ya familia ileile na stroku, yaani mwendo wa pistoni, imeongezeka kutoka mm 73.5 hadi 84.7. Inakaa, lakini inataka kompyuta yake na waya zake, na kwa gari la kuzunguka mjini pesa hiyo ingefaa zaidi kwenye rejeta mpya, bushi na tairi nne.