Gari jipya la kuzungukia vijiji vya Ujerumani: lipi litangulie, lipi liachwe

Wengi wanaonunua gari jipya Ujerumani huuliza kwanza linakimbia kiasi gani. Ni kweli sehemu kubwa ya autobahn, barabara kuu za kasi, haina kikomo cha mwendo, lakini huko utaona malori na kuta za kuzuia kelele. Uzuri wa nchi uko kwenye barabara za mashambani, ambako mwisho ni kilomita 100 kwa saa, na ukiingia kijijini ni 50. Romantische Straße, kilomita kama 460 kutoka Würzburg hadi Füssen, ni ya namna hiyo. Barabara ya B500 ya Schwarzwald, eneo la milima yenye misitu, kutoka Baden-Baden hadi Freudenstadt, nayo ni hivyo hivyo. Nimeyapanga magari haya kwa barabara hizo.

La kwanza ni Skoda Octavia Combi, yaani lile lenye buti refu nyuma. Halina mbwembwe, na jirani hatatoka nje kulitazama. Lakini buti lake ni la lita 640: mizigo ya familia inaingia yote na hakuna anayepakata begi. Zaidi ya hapo, limekaa chini, kwa hiyo kwenye kona za B500 haliyumbi na watoto nyuma hawatapiki. Injini ya petroli ya lita 1.5 inatosha kabisa. Dizeli mwachie anayesafiri mbali kila wiki. Pesa utakayookoa, iweke kwenye taa bora na viti vizuri kabla ya kufikiria rimu kubwa.

La pili ni la umeme, VW ID.3. Wanaolaumu magari ya umeme kwamba chaji inayeyuka mara nyingi wanazungumzia autobahn, na hapo wana haki. Ukienda mwendo wa 80 kando ya mto Mosel, kutoka Cochem kuelekea Bernkastel-Kues, hesabu inabadilika, na kila mteremko unarudisha umeme kidogo kwenye betri. Linakata kona kali kirahisi, jambo utakalolishukuru kwenye vichochoro vya miji ya zamani. Chukua betri kubwa, na ukitafuta pa kulala uliza kwanza kama kuna pa kuchajia.

Mazda MX-5 nimeliweka la tatu kwa shingo upande, maana kwa raha ya kuendesha yote mengine hayaoni ndani. Ni jepesi, paa unalifungua kwa mkono mmoja, na harufu ya misonobari inakufikia ulipokaa. Tatizo ni viti viwili na buti la lita kama 130. Kama ni wewe na mwenzio, na mnajua kufunga mizigo, lipandisheni namba moja.

VW Golf linafuata. Sina la kulilaumu, ila ukishaliona buti la Octavia ni vigumu kurudi nyuma.

Mwisho kabisa ni yale ma-SUV makubwa. Sisi tuliokulia kwenye matope na makorongo tunapenda gari lililoinuka, na nyumbani lina sababu. Huku hata njia ya kwenda shambani mara nyingi ina lami, na kupata maegesho Rothenburg ob der Tauber, ndani ya kuta za kale, ni jasho.

Kabla ya kusaini, muulize muuzaji kama ana gari la Tageszulassung, yaani lililosajiliwa kwa siku moja tu kwa jina la duka: ni jipya, na bei hushuka. Kilomita elfu moja za mwanzo usiikamue injini. Barabara za vijijini, zenye mwendo wa kupanda na kushuka, zinaifaa kuliko autobahn. Tena kama unanunua vuli, pigania seti ya pili ya matairi ndani ya bei ile ile, kwa sababu kwenye theluji au barafu sheria inadai matairi yenye alama ya mlima na chembe ya theluji.