Uzoefu wangu na Mazda CX-5 ya dizeli: oili, masizi na haidroliki ya giaboksi

Mtu akiniambia anataka kuagiza CX-5 ya dizeli kutoka Japani, swali langu la kwanza si bei wala rangi. Namuuliza: utaiendesha wapi? Kama gari itaishi kati ya Mbezi na Posta, foleni asubuhi na foleni jioni, achukue ya petroli na moyo wake utatulia. Kama ni mtu wa Morogoro, Dodoma, Tanga, au kwao ni Iringa na huenda mara kwa mara, basi aichukue hii, na asome vizuri mambo ya oili kabla hajaenda bandarini kuitoa.

Yangu ni ya toleo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2012. Injini ni SkyActiv-D ya lita 2.2 yenye tabo mbili, ndogo na kubwa, giaboksi ni otomatiki ya gia sita, na inavuta magurudumu yote manne. Nguvufarasi ni 175, lakini kinachomfanya mtu aipende ni msukumo wake wa Nm 420, ambao unaanza chini kabisa. Mlima Kitonga inaupanda ikiwa na familia na mizigo bila kelele, na unaweza kulipita lori pale panaporuhusiwa bila kuhesabu mara mbili. Barabara ndefu, kwa mwendo wa kistaarabu, napata kama kilomita 16 kwa lita. Kwa gari ya ukubwa huu nimeridhika kabisa.

Sasa tuje kwenye matunzo, maana huko ndiko gari hizi zinakofia.

Mafundi wetu wengi, na nawaheshimu sana, mkono wao umekulia kwenye Hilux na Land Cruiser. Injini ya 1HZ, ile dizeli ya zamani ya Land Cruiser, inakunywa oili yoyote nzito utakayoipa na inaendelea kufanya kazi, ikitoa moshi mweusi mlimani na hakuna anayeshtuka. Hii Mazda ni dizeli ya namna nyingine. Mgandamizo wake ni 14 kwa 1, wakati ile 1HZ inapita 22 kwa 1. Kwa sababu ya mgandamizo huo mdogo inachoma mafuta kwa usafi zaidi, ndiyo maana haina tangi la maji ya urea kama dizeli nyingi za Ulaya. Hilo ni gharama moja limekuondolea. Lakini kwenye bomba la moshi kuna DPF, chujio linalokamata masizi, na hilo chujio linabadilisha kila kitu kuhusu oili.

DPF ikijaa, gari inajisafisha yenyewe ukiwa barabarani. Nozeli zinanyunyiza mafuta ya ziada kwa kuchelewa, pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, ili moshi uwe wa moto sana na masizi yateketee. Shida ni kwamba sehemu ya yale mafuta haiendi kwenye moshi. Inateleza kwenye kuta za silinda, inapita ringi na kuingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili yako inachanganyika na dizeli. Kwa hiyo kwenye gari hii oili inaweza kupanda badala ya kupungua, na mtu aliyezoea kuogopa oili kupungua anaona kipimo kimejaa anafurahi. Asifurahi. Mazda wenyewe waliliona hilo, ndiyo maana kijiti cha kupimia oili kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika kwenye X, unaimwaga yote na kuweka mpya, hata kama kilomita hazijafika. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, na wa kwanza kuumia ni tabo, kemu na cheni.

Mimi napima kila wikiendi, asubuhi gari ikiwa baridi na mahali tambarare. Kazi ya dakika mbili.

Kuhusu aina ya oili, hapa sitaki mchezo. Tumia 5W-30 yenye maandishi ACEA C3 kwenye dumu, au 0W-30 ya JASO DL-1 ambayo ndiyo Wajapani waliitengenezea magari kama haya. Siri ya hizo herufi ni majivu. Oili kidogo huungua kila injini inapofanya kazi, na viungo vyake huacha majivu. Masizi yanateketea DPF inapojisafisha, ila majivu hayateketei kamwe, yanabaki humo mpaka chujio lizibe. Oili nzito ya malori ina viungo vingi vya namna hiyo. Kariakoo muuzaji mmoja alinisukumia 15W-40 akisema, "Dizeli ni dizeli tu, bosi, hii ndiyo wanaweka wote." Nilimshukuru nikaenda duka la jirani. C3 halisi inakaribia mara mbili ya bei ya ile, nakiri, lakini linganisha na bei ya DPF mpya halafu uamue.

Injini inachukua lita tano na kidogo pamoja na filta. Nabadilisha kila kilomita 5,000, au miezi sita kama safari zimekuwa chache. Najua kitabu cha gari kinaruhusu zaidi kwa mtu anayeendesha kwenye mazingira mepesi, ila joto letu, vumbi letu na foleni zetu si mazingira mepesi. Filta inabadilishwa kila mara, washa (kipete) ya nati ya sampu pia, na jambo ambalo gereji nyingi hulisahau: kompyuta ya gari iambiwe kwamba oili imebadilishwa. Inatunza hesabu ya dizeli iliyoingia kwenye oili. Usipoifuta, inaendelea kuhesabu kutoka pale ilipokuwa na kukuwashia taa wakati oili ni mpya.

DPF yenyewe haihitaji fundi, inahitaji barabara. Jifunze kutambua inapojisafisha: mlio wa sailensa unapanda kidogo, ulaji wa mafuta kwenye skrini unaruka ghafla, ule mfumo wa kuzima injini kwenye taa za barabarani unagoma, na ukishuka unasikia feni inazunguka kwa nguvu na harufu ya moto. Ukiona dalili hizo usizime gari, zunguka mpaka imalize. Ukiikatisha mara kwa mara, ndipo dizeli inapojaa kwenye sampu na masizi yanabaki palepale. Taa ya DPF ikiwaka bila kupepesa, endesha kwa mwendo usiokatika dakika 15 hadi 20, injini ikiwa imeshapata moto, na mara nyingi itazima. Ikianza kupepesa, nenda kwa fundi mwenye mashine ya kupima siku hiyo hiyo. Kwa wakazi wa Dar, njia ya Chalinze ukishapita Kibaha inatosha kabisa, na huhitaji kukimbia. Hata kwenye maeneo ya 50 yenye tochi inaendelea kujisafisha, muhimu usisimame simame.

Kuna gereji iliwahi kunishauri tuifungue DPF, tutoboe utumbo wake, kisha "tuidanganye" kompyuta. Wanafanya hivyo watu wengi. Nilikataa, na ningekataa tena. Kwanza, ule moshi wanauvuta watu wa bodaboda na watoto wa shule wanaosubiri daladala. Pili, DPF inayojaa haraka kupita kawaida inakuambia kwamba kuna kitu huko mbele kinazalisha masizi mengi: nozeli inavuja, EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini) imeganda, au tabo inapitisha oili. Ukitoa chujio, ugonjwa umebaki na umeondoa dalili tu.

Na ugonjwa unaoua zaidi injini hizi nauandika hapa kwa msisitizo. Chini ya kila nozeli kuna washa ndogo ya shaba inayoziba moto wa silinda. Ikichoka, gesi ya moto inapita pembeni ya nozeli na kupeleka masizi mazito kwenye oili. Yale masizi yanashuka hadi kwenye chujio la wavu lililo kwenye mdomo wa pampu ya oili, ndani ya sampu, na kuuziba. Presha ya oili inaanguka na injini inanoki, wakati mwenye gari ana uhakika kwamba hakuwahi kuchelewesha sevisi. Dalili ni mlio wa "chu chu chu" gari ikiwa baridi, harufu ya moshi ndani, na uchafu mweusi kama lami kuzunguka nozeli. Washa zenyewe ni bei ndogo sana. Nilibadilisha zote nne kabla hazijaleta shida, na fundi aliyezifanya alisafisha vizuri pale zinapokaa, maana ukiweka washa mpya juu ya uchafu umefanya kazi bure. Siku hiyo hiyo tulishusha sampu tukasafisha ule wavu.

Kwa kuwa manifodi ya hewa ilikuwa jirani, tuliifungua pia. Moshi unaorudishwa na EGR ukikutana na mvuke wa oili unajenga kaboni kwenye njia ya hewa na kwenye vali. Tuliikwangua, tukaosha, tukarudisha na gasketi mpya. Gari ilivuta vizuri zaidi tangu siku hiyo, hasa kwenye mizunguko ya chini.

Giaboksi sasa. Utaambiwa kila mahali kwamba haidroliki yake, yaani mafuta ya giaboksi, ni ya maisha, haibadilishwi. Mimi siamini, na sababu yangu ni ya kiufundi. Hii SkyActiv-Drive hufunga toki konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi) mapema sana, tangu mwendo wa karibu kilomita 8 kwa saa, ili gari ivute kama ya manyuo. Ndiyo raha yake. Lakini sahani zinazofanya kazi hiyo zinajifunga na kujifungua muda wote ukiwa foleni, na unga wake hauna pengine pa kwenda ila kwenye haidroliki. Fundi wangu aliuliza, "Mbona haijasumbua, ya nini kuifungua?" Nikamwambia nataka ibaki haijasumbua.

Haidroliki yake ni ATF FZ, ya rangi ya bluu. Ukiona mtu anakuja na dumu la haidroliki nyekundu anayosema inaingia kwenye gari zote, msimamishe. Giaboksi inabeba karibu lita nane, lakini ukifungua nati ya chini hutoka kama nusu tu, nyingine inabaki kwenye toki konveta. Kwa hiyo nilimwaga, nikapima kilichotoka kwenye chupa zenye vipimo, nikarudisha kiasi kilekile. Baada ya kuendesha wiki kadhaa nikarudia. Sikutaka mashine ya kusukuma yote kwa mpigo kwenye giaboksi ambayo historia yake ya Japani siijui. Kijiti cha kupimia kipo, ila kimejificha upande wa chini wa boksi la filta ya hewa na kimefungwa kwa bolti. Safisha vumbi lote pale kabla ya kukichomoa, kisha pima haidroliki ikiwa na nyuzi 50 hivi, joto unaloliona kwenye mashine. Ikizidi ni tatizo, ikipungua ni tatizo.

Iliyotoka ilikuwa nyeusi, bila harufu ya kuungua. Baada ya mara ya pili, ule mshtuko mdogo wa gia ya pili kwenda ya tatu injini ikiwa baridi uliondoka. Sasa nabadilisha kila kilomita 50,000.

Mengine nayataja haraka. Difu ya nyuma na kile kiboksi cha mbele kinachogawa nguvu vina oili kidogo sana, hata lita moja haifiki kila upande, na kwa sababu ni kidogo inachoka upesi. Kulanti ni FL22 ya kijani, usijaze maji ya bomba. Filta ya hewa, kwa vumbi la kwetu, iangalie kila sevisi.

Filta ya dizeli sichezi nayo. Mafuta kwenye reli, lile bomba linalolisha nozeli, yanafika baa 2,000, na tone la maji kwenye presha hiyo linaharibu nozeli ambazo hazitengenezwi kirahisi. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa ya 50 ppm mwaka 2015, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wanaochanganya na mafuta ya taa, kwa hiyo hali si kama zamani. Hata hivyo najaza kwenye sheli zenye malori mengi, ambako mafuta hayakai tangini muda mrefu, na siingii sheli ambayo gari la mafuta ndiyo kwanza linashusha.

Anayeenda kuiangalia ya kununua afanye hivi: afike injini ikiwa baridi, amwombe muuzaji asiiwashe kabla. Achomoe kijiti cha oili aone kama imevuka alama ya kujaa na aisikie harufu kama ni ya dizeli. Asikilize nozeli dakika ya kwanza. Kisha fundi achomeke mashine asome kiwango cha masizi na umbali kati ya kujisafisha kumoja na kwingine. Ikijisafisha kila baada ya kilomita 80 au 100 hivi, kuna jambo. Mwisho afungue mlango wa dereva, pembeni ya nguzo. Wajapani hubandika humo stika ya oili yenye tarehe na kilomita za sevisi, na kama haijabanduliwa, zile namba zilinganishwe na za kwenye dashibodi kabla hata ya kuanza kuzungumza bei.