Uzoefu wangu: taimingi ya sikio na difu ya mdomoni

Nikiikumbuka hii kitu mpaka leo roho inachemka. Kipindi kidogo nyuma nilipeleka pikapu langu, Land Cruiser FJ45 ya petroli, injini 2F, kwenye gereji moja ambayo jina nalihifadhi. Shida zangu zilikuwa mbili tu: waniwekee taimingi (wakati plagi inapopiga cheche), na waniangalizie difu zangu ni ngapi kwa ngapi, yaani propela (ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) inazunguka mara ngapi kraunwili ikizunguka mara moja, maana ya nyuma ilikuwa inalia nataka ninunue kraunwili na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu. Mambo ya cc na horsepawa kaguglieni wenyewe.

Fundi mkuu kafungua boneti, kalegeza distribyuta (ile inayogawa moto kwenye plagi), kamwambia kijana apige resi, akaanza kuizungusha huku kafumba macho kama anaomba dua. Zungusha kidogo, sikiliza, rudisha, sikiliza, kaza. Imeisha hiyo. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, fundi, taa ya taimingi hamtumii? Hii gari alama yake iko kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, kuna kidirisha pale, ndani kuna kigololi cha chuma, kikikaa sawa na mshale una digrii 7 kabla pistoni haijafika juu. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, halafu mbele ya vijana wake wote: "Mzee, kama unajua si ungetengeneza mwenyewe?" Wakacheka. Yule wa resi alicheka mpaka mguu ukatoka kwenye mafuta gari likazima.

Si ungetengeneza mwenyewe!! Mtu nimekuja na hela yangu mfukoni.

Ya difu ndo hata hakuinama. Anafuta mikono kwenye tambara, anasema "hizo zote ni 4.11", na hapo hapo akatoa boksi la seti akaniuzia. Na mimi bwege nikalipa.

Siku kadhaa mbele, mlimani, gia ya tatu, injini inanoki balaa, ka-ka-ka-ka kama misumari kwenye kopo. Nikasema leo ndo leo. Nikaazima taa, nikabana waya wa plagi namba 1, nikachomoa mpira wa vakyumu wa distribyuta nikauziba, nikashusha sailensa (resi ya chini, mguu ukiwa nje ya mafuta), namulika dirishani… hakuna gololi. Hakuna kabisa! Nikalegeza distribyuta nikaisogeza kidogokidogo kwa ncha za vidole mpaka kile kidude kikaingia kikakaa pale kwenye mshale kama nyota. Nikakaza, nikarudi mlimani, kimya.

Sasa kama taimingi ni uongo, na ile 4.11 je? Nikaweka vizuizi vya maana kwenye matairi, nikapiga jeki tairi moja la nyuma na stendi chini, gia nyutro, handbreki nikaachia (muhimu hii, kwenye langu handbreki inabana propela sio tairi, ndo maana vizuizi nimevisisitiza), nikachora chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Difu ya kawaida tairi moja likiwa chini limetulia, mizunguko miwili ya lile la juu ni mzunguko mmoja wa kraunwili. Nikalizungusha mara mbili taratibu huku nimelala chini nahesabu chaki ya propela: moja, mbili, tatu… ikapita nusu, ikafia karibu na robo tatu. Nikarudia mara tano maana sikuamini. Kama ingekuwa 4.11 ingemaliza nne na kuzidi kidogo. Hii ni 3.70, meno 37 kwa 10, sio 37 kwa 9. Ya mbele nayo hivyohivyo. Yaani ningefunga ile seti nyuma halafu siku nimeweka fowili mahali pagumu, mbele na nyuma zinavutana, tranzifa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) inageuka chuma chakavu.

Haya ngoja niwe mkweli ingawa inaniuma. Kabla ya ule mlima, mimi mwenyewe nilifungua kifuniko cha distribyuta nikasafisha pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) na nikaongeza nafasi yake kidogo kwa fila geji, vile vibati vya kupimia. Na pointi ukiipanua tu taimingi inasogea mbele, cheche inawahi na injini inaweza kunoki, ndo maana pointi huwekwa kwanza taimingi inafuata. Kwa hiyo kule kunoki inawezekana kabisa nilikuleta mimi, na sikio la yule bwana halikuwa baya kihivyo. Sawa. Taimingi nampa nyota tatu. Hapana mbili, maana hata kuniuliza pointi zikoje hakuuliza na fundi wa kweli anaanzia hapo.

Difu sasa. Nilirudi na boksi. Akauliza nimepima na nini, nikamwambia chaki. Wakacheka tena!! Nikamwambia lete chaki tupime wote hapa hapa, dakika kumi tu, akasema ana wateja, na kilichouzwa hakirudi. Futeni zile mbili, nyota ni sifuri, na huyo wa resi ajue sura yake naikumbuka.

Seti ya 4.11 iko chini ya meza yangu, nailoni haijatolewa. Mwenye FJ ya 37 kwa 9 anicheki, ila aje na chaki.